Jinsi ya kupima peptidi inavyoachia protoni ndani ya vakyumu, toka vali mpaka grafu

Hii ni ya yule mwanafunzi ambae kapewa mradi wa ioni za peptidi (vipande vifupi vya protini vyenye chaji), kaonyeshwa spektrometa ya masi (mashine inayopima uzito wa ioni) ilipo, kaambiwa "pima hiyo protoni inavyohama", alafu msimamizi akapanda ndege kwenda kwenye kongamano. Kazi yenyewe kwa maneno ni fupi sana: unaichukua peptidi yenye protoni za ziada, unaifungia kwenye mtego ndani ya vakyumu, unaingiza mvuke wa besi kidogo mno, unasubiri, alafu unahesabu ni ioni ngapi zimenyang'anywa protoni na ngapi bado zimeing'ang'ania. Ukibadilisha muda wa kusubiri unapata kasi, ukibadilisha besi unapata nguvu ambayo peptidi inashikia protoni yake. Basi. Ila kati ya maelezo hayo na namba unayoweza kuitetea mbele ya watu kuna presha, na presha ndo itakula muda wako wote, kwa hiyo humu ntaongelea presha kuliko peptidi, usishangae.

Swali ambalo utaulizwa na kila mtu nje ya fani: kwanini uhangaike na vakyumu wakati kemia ya mwili iko kwenye maji? Jibu ni kwamba maji yanaficha mambo. Angalia amini za kawaida. Kwenye maji trimethilamini ni besi dhaifu kuliko dimethilamini, mpangilio hauna adabu, na sababu ni maji yenyewe kuizunguka ioni moja vizuri na nyingine vibaya. Ukizipeleka kwenye gesi mpangilio unanyooka: amonia, methilamini, dimethilamini, trimethilamini, kila ukiongeza methili moja besi inapanda. Kwa hiyo kwenye gesi unaona molekuli ilivyo yenyewe. Na kwa peptidi kuna faida ya vitendo kabisa, maana watu wa protini wanasoma mpangilio wa asidi amino kwa kuivunja peptidi ndani ya spektrometa, na inapovunjikia inategemea sana protoni imekaa wapi na inaweza kutembea au imenaswa. Arginini ikiwepo protoni inanasa pale, hamna kutembea mpaka uongeze nishati.

Maneno mawili ya kuyajua kabla hatujaenda popote. Uvutio wa protoni ni joto linalotoka molekuli ikipokea protoni kwenye gesi, na ubesi wa gesi ni kitu hicho hicho lakini kwa nishati huru ya Gibbs, yani entropia imeshahesabiwa. Majaribio ya aina hii yanakupa ubesi wa gesi, sio uvutio, watu wanachanganya hivi vitu kila siku na tofauti yake kwa amini ni kama 30 hadi 35 kJ kwa moli, sio kidogo.

Chagua peptidi ambayo haitakusumbua

Ushauri wangu anza na bradikinini. Ina asidi amino 9 tu, mpangilio wake ni RPPGFSPFR (kila herufi ni asidi amino moja, R ni arginini), ina arginini mbili moja kila mwisho, inauzwa kila mahali na haina makuu kwenye elektrospre, ile njia ya kunyunyizia myeyusho kwa volti kubwa ili ioni zitoke kwenye gesi. Ukiweka mikromola 1 mpaka 10 kwenye methanoli na maji nusu kwa nusu, na asidi asetiki asilimia 1, unapata ioni yenye chaji mbili kwenye m/z (uzito gawanya kwa chaji) 530.8 vizuri tu na mara nyingi ya chaji moja kwenye 1060.6. Elektrospre ndo inafanya haya yote yawezekane, John Fenn alipata Nobel ya 2002 kwa hiyo kazi, kabla yake kuirusha peptidi nzima kwenye gesi ikiwa na chaji nyingi ilikuwa ndoto.

Hakikisha chaji kwa kuangalia nafasi kati ya piki za isotopu, ikiwa ni 0.5 una chaji mbili, ikiwa ni 0.33 una tatu. Inaonekana kitu cha kitoto ila ukiwa na dima (peptidi mbili zilizoshikana) yenye chaji nne inakaa m/z ile ile na peptidi yako yenye chaji mbili na nafasi zake ni 0.25, ukiipima bila kujua utakuwa unapima kitu kingine kabisa.

Ukishazoea, nunua pia bradikinini iliyokatwa arginini moja, zipo mbili sokoni, iliyokosa ya mwanzo na iliyokosa ya mwisho. Hapo ndo mradi unaanza kuwa mtamu kwa sababu ile ya kawaida ina arginini mbili kwa protoni mbili, kila moja na kiti chake, ila ukitoa arginini moja protoni ya pili inabidi ikae sehemu dhaifu zaidi na besi inainyakua haraka. Ukiona tofauti hiyo kwenye data yako mwenyewe utaelewa zaidi ya kusoma makala kumi.

Besi: zipange kwa nguvu, na usianze na yenye nguvu

Mbinu ya zamani na bado nzuri ni kuibana peptidi kati ya besi mbili. Unaijaribu na besi dhaifu, haifanyi kitu. Unapanda ya pili, bado. Unapanda, ghafla protoni inahama. Basi ubesi wa peptidi uko kati ya ile iliyoshindwa na ile iliyoweza. Ubesi wa gesi wa besi hizi unapatikana bure kwenye NIST WebBook, wengi wanatumia orodha ya Hunter na Lias ya 1998, na zile utakazozitumia sana ni hizi kwa kJ kwa moli: amonia 819, methilamini 864.5, dimethilamini 896.5, piridini 898, trimethilamini 918, triethilamini 951. Ukihitaji kwenda juu zaidi kuna tetramethilguanidini kwenye 997 hivi. Kwa kulinganisha, glisini peke yake ni 852 na arginini iko kama 1007, kwa hiyo usitegemee bradikinini yenye chaji moja iachie protoni kwa amini za kawaida, pale protoni iko kwa arginini moja na arginini ya pili iko jirani kusaidia. Ya chaji mbili ndo ya kuchezea.

Anza na dhaifu upande juu, na sio kwa sababu za kisayansi tu. Triethilamini ikishaingia kwenye mashine haitoki. Inashika kwenye kuta, kwenye mabomba, kwenye chanzo cha elektrospre, na piki yake ya m/z 102.1 utaiona wiki na wiki, wenzio wa maabara watakuchukia na watakuwa na haki. Kama ni lazima uitumie, iweke siku za mwisho za mradi, alafu panga kabisa siku za kuoka mashine. Trimethilamini nayo ndo harufu ile ile ya samaki aliyeoza, kwa hiyo kila kitu ndani ya kabati la kutolea hewa, glavu, miwani, na chupa za gesi zifungwe ukutani. Amini hizi zinachoma macho na mapafu, sio mchezo.

Besi za maji maji kama piridini na triethilamini lazima uzitoe hewa kabla. Unagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, unafungua pampu, unafunga, unaacha iyeyuke, unarudia mara tatu. Usiporuka hatua hii utajishukuru, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ya chupa ndo itakayosomwa na geji kama vile ni besi na utakuwa unagawanya kwa namba ya uongo.

Kwenye mashine yenyewe

Mashine ninayoipenda kwa kazi hii ni FT-ICR, ile ya sumaku kubwa ambayo Comisarow na Marshall waliianzisha 1974 huko Vancouver. Ioni zinazunguka ndani ya uga wa sumaku na kila m/z ina masafa yake, kwa mfano kwenye sumaku ya tesla 7 bradikinini yenye chaji mbili inazunguka kama mara 202,500 kwa sekunde. Uzuri wake kwetu ni kwamba ioni unaweza kuziacha pale kwa dakika nzima au zaidi, na mmenyuko ukiwa mvivu unahitaji dakika.

Mfuatano ni huu. Unafungua vali ya kuvujisha taratibu sana mpaka presha ya besi ifike kama 1 × 10⁻⁷ torr, alafu unaiacha. Usifungue na kuanza kupima hapo hapo! Amini zinanata kwenye chuma, zinaendelea kujaza kuta, geji inasema imetulia kumbe kwenye seli (kile chumba kidogo ndani ya sumaku ioni zinapokaa) bado inapanda, mimi huwa naiacha saa nzima kabla ya kuamini chochote, na kwa amini nzito zaidi ya hapo. Ukishatulia unaingiza ioni, unatenga ile m/z unayoitaka na kufukuza nyingine zote. Hapa kuwa mpole na wimbi la kutengea, kwa sababu ukilikaza karibu sana na piki yako unaipasha moto, na ioni ya moto inaachia protoni kirahisi kuliko ya baridi, kwa hiyo utapima peptidi ambayo haipo duniani kwenye joto la chumba. Baada ya kutenga piga pigo fupi la agoni, iache ioni igongane na kupoa, subiri pampu ivute agoni yote, alafu tenga tena kidogo kusafisha vilivyozaliwa katikati ya hapo. Hapo ndo saa yako inaanza, sifuri.

Muda wa kusubiri uchague kwa kufikiri sio kwa mazoea. Kwenye 1 × 10⁻⁷ torr na joto la chumba una molekuli kama 3.2 × 10⁹ kwa kila sentimita ya ujazo. Kasi ya kugongana kwa ioni ya chaji mbili na amini ndogo iko kama 1.8 × 10⁻⁹ kwa vipimo vya kawaida vya fani hii (sentimita za ujazo kwa molekuli kwa sekunde), kwa hiyo ukizidisha unapata migongano karibu 6 kwa sekunde. Kama kila mgongano unafanikiwa, nusu ya ioni zako zimeisha kabla hata ya sekunde 0.15. Kama ni mgongano mmoja kati ya elfu unaofanikiwa, nusu itaisha baada ya dakika mbili. Kwa hiyo anza na vipimo vya haraka kwenye sekunde 0, 0.1, 0.3, 1, 3, 10, ukishaona ukubwa wa kasi ndo unapanga pointi nane au kumi vizuri. Na pointi zipimwe kwa mpangilio wa ovyo, sio toka fupi kwenda ndefu, maana presha ikiwa inapanda taratibu asubuhi nzima na wewe unapima kwa mpangilio, mteremko utajiumba wenyewe na utaupenda.

Kitu ambacho hakifanywi na wengi: rudia muda mrefu kuliko yote bila besi kabisa. Kuna maji na mabaki ya jana kwenye mashine, na kama ioni inapotea bila besi lazima ujue inapotea kiasi gani.

Presha, sasa tuongee

Grafu utakayochora ni rahisi. Chukua ukubwa wa piki ya ioni ya mwanzo, gawanya kwa jumla ya piki zote za peptidi (kumbuka kwenye FT-ICR ukubwa wa ishara unategemea chaji, kwa hiyo gawa kila piki kwa chaji yake kwanza), piga logi asilia, chora dhidi ya muda. Besi iko nyingi kuliko ioni kwa mbali sana kwa hiyo haipungui, na unapata mstari ulionyooka unaoshuka. Mteremko wake ukiugawanya kwa idadi ya molekuli za besi kwa ujazo, hiyo ndo kasi. Sasa mteremko unaupata na makosa ya asilimia chache tu. Ile idadi ya molekuli? Hapo unaweza kukosea mara mbili, mara tatu, na hamna atakaekuambia.

Sababu ni mbili. Geji ya ioni haipimi presha, inapima ni molekuli ngapi zimevunjwa kuwa ioni ndani yake, na amini inavunjika kirahisi kuliko naitrojeni ambayo geji imepimiwa, kwa hiyo namba unayosoma ni kubwa kuliko ukweli kwa mara kadhaa. Kuna njia ya kurekebisha kwa kutumia jinsi molekuli inavyovutika na umeme, Bartmess na Georgiadis waliionyesha 1983, na inasaidia kweli. Sababu ya pili ni mbaya zaidi, geji haiko kwenye seli. Iko mbali, nje ya sumaku, karibu na pampu, na presha ya pale sio presha ya kwenye ioni zako.

Dawa ni kuitumia kemia yenyewe kama geji. Watu wa zamani walikuwa na chanzo cha elektroni ndani ya seli, wakawa wanapima methani ikigongana na ioni yake mwenyewe, kasi yake inajulikana karibu 1.1 × 10⁻⁹, wanarudi nyuma wanapata presha ya kweli. Ukiwa na elektrospre tu fanya hivi: chukua ioni ndogo ambayo lazima iachie protoni kwa besi yako, kiasi kwamba kila mgongano unafanikiwa. Glisini yenye protoni dhidi ya triethilamini ni mfano mzuri, 852 dhidi ya 951, tofauti karibu 100, hapo hamna ubishi. Kasi yake ni kasi ya mgongano, na hiyo unaihesabu kwa karatasi, inakuja kama 1.3 × 10⁻⁹. Pima mteremko, gawanya kwa kasi hiyo, unapata idadi halisi ya molekuli mahali pale pale ioni zilipo. Kama mashine yako haipendi m/z 76 tumia diglisini kwenye 133. Kwa besi dhaifu kama amonia mbinu hii haikubali na glisini, kwa sababu glisini haiachii protoni kwa amonia, inabidi utafute ioni yenye ubesi mdogo zaidi au urudi kwenye marekebisho ya geji. Mimi kwa maoni yangu makala yoyote ya kasi ambayo haisemi presha ilipimwaje naisoma kama hadithi.

Tuweke namba, mfano wa kubuni tu sio kipimo cha bradikinini. Tuseme mteremko ni 0.9 kwa sekunde, molekuli ni 3.2 × 10⁹. Kasi ni 2.8 × 10⁻¹⁰. Kasi ya mgongano wa trimethilamini na ioni ya chaji moja, kwa fomula ya Langevin, inakuja kama 0.9 × 10⁻⁹, na kwa chaji mbili unazidisha kwa mbili, 1.8 × 10⁻⁹. Huku kuzidisha kwa chaji watu husahau alafu wanapata ufanisi (kasi uliyopima gawanya kwa kasi ya mgongano) mkubwa kuliko 1 wanaanza kutafuta fizikia mpya. Ufanisi wetu ni 0.16, yani migongano kama 16 kati ya 100.

Sasa badala ya kusema tu "imefanya" au "haijafanya", unaweza kutumia ufanisi huo kupata ubesi. Bouchoux na wenzake mwaka 1996 walionyesha kwamba besi ikiwa sawa sawa na peptidi, ufanisi unakuwa karibu 0.27, na chini ya hapo unashuka haraka. Kwa 0.16 fomula yao inakupa tofauti ya chini ya 2 kJ, yani peptidi yetu ya kubuni inaishinda trimethilamini kidogo tu, tuseme 920. Ukifanya hivyo na besi tatu nne na zote zikakupa namba zinazokaribiana, una kipimo. Zikitofautiana kwa 15, kuna kitu hakiko sawa na mara nyingi ni presha, tena.

Chaji mbili zinasukumana

Hapa ndo peptidi inaachana na molekuli ndogo. Ikiwa na chaji mbili, protoni ya pili inataka kuondoka kwa sababu mwenzie anaisukuma. Ukiweka chaji mbili kwenye vakyumu umbali wa Angstromu 10, msukumano ni kama 139 kJ kwa moli. Sasa linganisha na besi zetu: toka amonia mpaka triethilamini ni 132. Yani msukumano peke yake ni sawa na kupanda orodha nzima ya besi, ndo maana ioni yenye chaji nyingi inaachia protoni hata kwa besi ambayo kwa chaji moja ingechekwa. Mwaka 1990 McLuckey na wenzake huko Oak Ridge walionyesha hili kwa saitokromu c na dimethilamini, chaji za juu zinapungua upesi, za chini zinazidi kugoma.

Ila kuna mtego. Baada ya protoni kuhama, una ioni mbili za chanya zinazosukumana, na njiani kuna kizuizi cha kupanda kabla hazijaachana. Kwa hiyo unachokipima sio ubesi halisi, ni ubesi unaoonekana, una msukumano ndani yake. Andika hivyo hivyo, ubesi unaoonekana, usije ukaubatiza jina lingine. Williams na kundi lake Berkeley waliigeuza shida hii kuwa kipimo, walitumia gramisidini S ambayo ni duara na chaji zake mbili ziko kwenye ornithini (asidi amino) zinazojulikana zilipo, wakapata ukubwa wa msukumano na wakaona ndani ya peptidi kwenye vakyumu chaji hazizibwi sana, karibu kama hamna kitu katikati. Mimi naona ni moja ya majaribio mazuri ya fani nzima, na vifaa vyake ni hivi hivi ulivyonavyo.

Na mstari usiponyooka? Kwanza angalia jumla ya piki zote kama inashuka, ikishuka unapoteza ioni kwenye mtego, sio kemia. Angalia presha kama ilitulia. Angalia kama kuna kitu kwenye m/z 560.3, hiyo ni bradikinini imebeba trimethilamini nzima bila kuachana, na ni njia ya pili ya mmenyuko, ihesabu kivyake. Kama yote hayo ni safi na mstari bado unaanza mkali alafu unalala, kuna uwezekano mkubwa una makundi mawili ya ioni yenye m/z moja ila maumbo tofauti, moja inaachia haraka nyingine imejikunja imefunika protoni. Jaribu kubadilisha volti za chanzo au viyeyusho, uwiano wa makundi ukibadilika lakini kasi zake mbili zikabaki pale pale, umepata kitu cha kuandika. Usikimbilie kuchora mstari mmoja katikati yake ili uonekane umenyooka, data itakuwa imekuambia kitu na wewe umeizima.

Kama huna sumaku

Maabara nyingi hazina FT-ICR na sio mwisho wa dunia. Mtego wa ioni wa kawaida wa kwadrupoli, ile familia iliyompa Wolfgang Paul Nobel 1989, unafanya kazi hii vizuri. Heliamu yake ya kama militorr 1 inazipoza ioni mpaka karibu na joto la chumba yenyewe, hivyo shida ya ioni za moto inapungua sana. Unachanganya besi kidogo ndani ya heliamu, sehemu moja kwa elfu au kwa elfu kumi, unaingiza. Muda wa kusubiri unafika sekunde 10 hivi, sio dakika, kwa hiyo mimenyuko mivivu hutaiona. Mambo mawili ya kukumbuka: mtego unatupa ioni ndogo chini ya kikomo fulani, kwa hiyo besi iliyopokea protoni, mfano trimethilamini kwenye m/z 60, pengine hutaiona na wala usihangaike kuitafuta. Na juu pia kuna kikomo, mara nyingi 2000, kwa hiyo peptidi kubwa ikipoteza chaji inaweza kuruka juu ya dirisha lako na utadhani imepotea. Fundi wa mashine muulize kwanza kabla hujagusa bomba la heliamu, mikataba mingine ya matengenezo inakufa ukiligusa.

Mashine mpya nyingi zina njia nyingine kabisa, ioni kwa ioni, ambapo peptidi chanya inakutanishwa na ioni hasi na inanyang'anywa protoni kwa mvuto wa umeme kati ya chanya na hasi. Haina uchaguzi wa ubesi, kila kitu kinahama, na kasi inaenda na mraba wa chaji. McLuckey ndo alilikuza sana, baadae akiwa Purdue, kwa ioni hasi za kaboni zilizojaa florini. Ni nzuri mno kwa kusafisha spektra ya protini zilizorundikana, ila kama unataka ubesi wa peptidi haitakusaidia, usije ukauziwa.

Na kama huna mashine yoyote, una laptopu tu, fanya upande wa hesabu. Tafuta maumbo ya peptidi kwa programu za CREST na xtb, ni bure, alafu yale ya nishati ya chini uyapitishe kwenye ORCA, programu ya kemia ya kwantamu, ambayo kwa wanafunzi ni bure pia. Ubesi ni tofauti ya nishati huru kati ya yenye protoni na isiyo nayo, na protoni yenyewe ipe −26.3 kJ kwa moli kwenye 298 K. Jaribu amonia kwanza, ikikupa karibu 819 uko sawa, ikikupa 790 kuna kitu umeweka vibaya. Anza na diglisini na triglisini kabla ya bradikinini, bradikinini ina maumbo mengi kupita kiasi na kompyuta yako itapiga kelele usiku kucha.

Wakati wa kuandika, weka haya yote kwenye jedwali moja: peptidi na chaji, besi, presha na ilipimwaje, joto, kasi, ufanisi, na ile ya bila besi. Na kwenye daftari la mashine pale maabara andika kwa herufi kubwa besi gani iliingia tarehe gani, ili atakaekuja baada yako akiona 102.1 ajue imetoka wapi.